Watatu Ndio Msafara

Mtu hufunga mlango wake usiku kwa komeo na kufuli, kisha akarudi mara ya pili kuhakikisha. Akigongewa saa nne za usiku huuliza "Nani?" mara tatu kabla ya kufungua. Lakini mtu huyo huyo, kukicha, husimama kando ya barabara, akainua mkono, akaingia katika gari asilolijua mwenyewe, lenye dereva asiyepata kumwona, akabanana bega kwa bega na watu asiojua watokako wala waendako. Akishakaa husinzia. Roho yake, na mara nyingine roho ya mtoto aliyempakata, imo mikononi mwa mtu ambaye hata jina lake halijui.

Jambo hili twalifanya kila siku hata tumesahau kuwa ni la ajabu. Ukurasa huu leo wataka kuuliza: ni kitu gani kimfanyacho mwanadamu akubali kusafiri na asiyemjua?

Swali hili si la kupitishia wakati. Hapa petu Mombasa, kila mwenye kupata kidogo hukimbilia kununua gari lake mwenyewe, akawa ni yeye mmoja ndani ya viti vitano, na njia za kutoka Changamwe kuja mjini, na za kwenda Nyali, zikajaa hata hazipitiki. Ukimwuliza mwenye gari hilo kwa nini hapandi matatu, aghalabu hatakutajia nauli. Atakueleza habari ya mkewe aliyetukanwa, au ya bintiye aliyeshikwashikwa, au ya babake mzee aliyeteremshwa katikati ya njia kwa kukosa shilingi kumi. Basi hapo ndipo palipo na maneno. Nauli na petroli ni hesabu. Lakini kukubali kukaa na mgeni ni jambo la moyo, na moyo ukishahama barabarani, haurudi kwa kuongezwa magari.

HAJA PEKE YAKE HAITOSHI

Wengi hujibu upesi kuwa watu husafiri pamoja kwa sababu ya shida tu. Hana gari, afanyeje? Na kweli haja ina nguvu. Jina lenyewe la matatu ni jina la shida. Wazee husimulia kuwa lilitokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini, iliyotozwa Nairobi katika miaka ya 1960 na magari makuukuu yaliyobeba watu bila ya leseni. Watu walikuwa wengi, mabasi machache, na magari hayo yakaziba pengo. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliyaruhusu kuendelea bila ya leseni ile ya mabasi, na tangu hapo yakaenea nchi nzima hata yakafika kwetu, na leo hakuna kitongoji cha Pwani kisichoyajua.

Lakini tukisema ni haja peke yake, tutashindwa kueleza mambo mengi. Mwenye haja pia huchagua. Mtazame mwanamke aliyesimama kituoni Mwembe Tayari baada ya isha. Haja anayo, na usiku unaingia. Gari la kwanza likija na mwanamume mmoja tu ndani, atalitazama, kisha atageuza uso kana kwamba hana safari. Gari la pili likija na watu, na miongoni mwao mama mtu mzima aliyejifunga leso na kapu lake miguuni, atapanda bila ya kuuliza. Nauli ni ile ile, na njia ni ile ile. Kilichomwingiza ni nini?

Wenye matatu wamelijua jibu tangu zamani. Gari tupu haliingiwi. Ndiyo maana katika vituo vingi wakawekwa vijana wa kukaa tu ndani, wakajifanya abiria, hata wenye safari wa kweli wapate moyo wa kupanda. Gari likijaa, wale huteremka mmoja mmoja. Na wezi nao wamelijua. Wale wanaotumia matatu kunyang'anya watu hawaji na gari tupu. Huja wamekaa ndani wenyewe, huyu na mkoba, huyu na gazeti, na pengine mwanamke kiti cha mbele, ili yule wa njiani aone kuwa mna watu, aingie. Mwizi haigizi kitu kisicho na thamani. Ukiona ameigiza abiria, basi jua kuwa abiria ndiye aliyemfanya mtu akubali kupanda.

Hivyo twasema: haja humfikisha mtu mlangoni mwa gari, lakini kinachomwingiza ndani ni shahidi. Mtu hamwamini dereva asiyemjua. Humwamini yule wa tatu aliyekaa kati yao, ambaye naye hamjui, lakini ana macho ya kuona na ulimi wa kusema.

MAFUNZO TULIYOYAKUTA

Jambo hili si geni kwetu. Tuliosoma vyuoni, tukakaa juu ya mkeka mbele ya maalim, tulifunzwa adabu za safari kabla ya kujua kuandika majina yetu. Miongoni mwa mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ni kuwa asafiriye peke yake yuko karibu na shetani, na wasafirio wawili vivyo hivyo, bali wakishakuwa watatu ndipo huwa msafara. Wanazuoni wameeleza hekima zake kwa njia nyingi: mmoja akiugua, wa pili amuuguze na wa tatu akatafute msaada, wawili wakigombana, wa tatu awapatanishe, mmoja akifa, wapatikane wa kumzika na wa kupeleka habari. Nasi twaongeza hii ya ushahidi: wawili wakidhulumiana, wa tatu ameona.

Tena katika Sura ya An-Nisaa, panapotajwa wale tulioamrishwa kuwatendea wema, wametajwa wazazi, jamaa, mayatima, maskini na majirani, kisha akatajwa sahibu wa ubavuni. Wapo wafasiri waliosema kuwa huyo ni mwenzako wa safari, yule aliyekaa kando yako. Hakusharutishwa awe ndugu yako wala mtu wa mji wako. Kukaa kwake ubavuni kumempa haki. Na Mtume mwenyewe alikuwa akiwapakia vijana nyuma yake juu ya mnyama, akiwamo Ibn Abbas, akiwafunza njiani. Na amewahimiza wenye mnyama wa ziada wamsaidie asiye naye. Kiti kitupu, basi, kwetu si mali tu ya mwenye gari. Kina mdai.

Wazee wetu wa bahari waliyaishi hayo. Aliyepanda jahazi kutoka Lamu kuja Mombasa alikuwa hawajui wenziwe, lakini wakishang'oa nanga walikula sinia moja na kunywa maji ya pipa moja. Nahodha akikosea, abiria wote walikuwa mashahidi watakapofika bandarini. Habari ilitangulia mtu. Nahodha mwenye ulimi mbaya hakupata abiria msimu ujao.

NA WENZETU WA MBALI

Asije mtu akasema kuwa haya ni mambo ya Waswahili na ya vyuoni tu. Hebu tutazame walio mbali nasi kwa dini, kwa lugha na kwa mali, tuone kama hawakufika pale pale.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilikuwa na upungufu wa mipira ya magari na mafuta, na serikali ikawasihi watu wabebane. Mwaka 1943 lilitolewa bango lililokuwa na picha ya mtu akiendesha gari peke yake, na kando yake kivuli cha Hitler, kumwambia kuwa aendaye peke yake amempakia adui. Watu wakabebana. Vita vilipokwisha, kila mmoja alirudi katika gari lake. Hofu ya Hitler ilikwisha, na desturi nayo ikaisha, kwa kuwa ilisimama juu ya haja peke yake.

Sasa tazama nchi hiyo hiyo katika miaka ya 1970, baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Katika barabara kuu itokayo Virginia kuingia Washington, serikali ilitenga njia ya pekee, isiyo na msongamano, kwa mabasi na kwa magari yaliyobeba watu wengi. Mwanzo walitakiwa wanne, baadaye wakatakiwa watatu. Basi wenye magari wakaanza kupita vituoni kuwachukua watu wasiowajua ili watimize hesabu, na wasiokuwa na magari wakaanza kupanga foleni. Hakuna aliyewaamuru, wala kampuni haikuundwa. Madereva wa mabasi, kwa kuona abiria wao wanachukuliwa, wakawaita watu hao kwa jina la sarafu bandia, ile itumbukizwayo mahali pa pesa halali. Ajabu iliyoje! Matatu yetu yamepewa jina la peni, na wao wakapewa jina la peni ya uongo.

Desturi hiyo imeishi zaidi ya miaka hamsini, nayo ina adabu zake zijulikanazo na kila mtu. Fedha hazipokelewi. Abiria haanzi mazungumzo mpaka dereva aanze. Havuti sigara, hali chakula, hagusi redio. Siasa na dini huachwa nje ya mlango. Na adabu iliyo kubwa kuliko zote: mwanamke haachwi peke yake katika foleni. Akibaki yeye na mwanamume mmoja, na gari likaja la mtu mmoja, mwanamume humwacha mwanamke atangulie, au dereva huongeza mtu, ili asisalie peke yake kituoni.

Msomaji aone: gari lile huwa na dereva na wageni wawili, jumla yao watatu. Serikali ya Marekani haikuwa ikifuata mafunzo ya misafara ya Waarabu. Ilikuwa ikipunguza msongamano. Lakini katika kupunguza msongamano ilileta yule wa tatu ndani ya gari, na wa tatu akaleta utulivu. Hata San Francisco, kwenye daraja kubwa livukalo ghuba, desturi kama hiyo ilishamiri kwa hesabu hiyo hiyo ya watatu. Mwaka 2010 magari hayo yaliyokuwa yakivuka bure yakaanza kutozwa ada, na maneno yakaingia ya nani alipe; na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukazivunja foleni, kwa kuwa pumzi ya mwenzio ilikuwa imegeuka hatari. Hapo pia mna funzo. Imani ya wasafiri hujengwa kwa miaka arobaini na kuvunjika kwa mwezi mmoja.

Kuba nao walipatwa na dhiki kubwa baada ya Urusi ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991. Mafuta hayakuwapo, mabasi yakasimama. Serikali ikaweka maofisa barabarani, waliovaa sare ya rangi ya manjano hata watu wakawaita kwa rangi hiyo, wakisimamisha magari ya serikali yenye viti vitupu na kuwapakia watu kwa zamu. Poland nayo, tangu miaka ya mwisho ya 1950, vijana walioomba kubebwa njiani walipewa vitabu vidogo vyenye vipande vya kuhesabu kilomita; dereva akimbeba kijana alipewa vipande vyake, na mwenye vingi alikuwa na nafasi ya kupata zawadi. Ofisa wa manjano na kitabu kidogo, vyote viwili ni yule wa tatu. Mmoja husema: nimekuona ukimchukua mtu huyu. Kingine husema: safari hii imeandikwa.

NYOTA ZA SIMU

Sasa tumeletewa simu. Ufaransa, kampuni iitwayo BlaBlaCar ilianzishwa mwaka 2006 na Frédéric Mazzella, ambaye miaka michache kabla alikosa nafasi katika treni wakati wa Krismasi na kuyaona magari barabarani yakienda kwao na viti vitupu. Dereva huandika aendako, wasafiri hujiandikisha, nao huchangia gharama. Jina lenyewe limetokana na kiasi cha mazungumzo: asemaye kidogo huandika bla moja, asemaye sana huandika tatu. Ipo pia nafasi kwa wanawake kusafiri na wanawake wenzao tu. Kwetu, Uber iliingia Nairobi mwaka 2015, na nyingine zikafuata, na Mombasa zikafika.

Kila mmoja, dereva na abiria, humpa mwenziwe nyota. Watu husema huu ni ufundi mpya. Sisi twaona ni ule ushahidi wa nahodha wa Lamu, umeandikwa kwa umeme badala ya kupitishwa barazani. Na ni kitu chema. Dereva ajuaye kuwa ataandikwa husema "samahani" ambayo hapo zamani hakuijua.

Lakini tusidanganyike. Nyota hutolewa baada ya safari kwisha. Aliyedhulumiwa njiani saa tano za usiku, nyota za kesho zitamfaa nini? Tena gari la simu aghalabu hubeba mtu mmoja na dereva, milango imefungwa. Wenye mabinti wanayajua haya, na mafunzo yetu juu ya mwanamume na mwanamke kukaa faragha hayahitaji kurudiwa hapa. Wapo akina mama wengi wa Pwani wenye uwezo wa kulipa gari la pekee, nao huona salama zaidi tuktuk yenye wenziwe wawili nyuma. Kile chombo kidogo kimeundwa kwa abiria watatu, na labda hiyo ni sababu mojawapo ya kukubalika kwake mjini kwetu.

Shahidi wa simu ni msaidizi. Shahidi wa kweli ni yule aliye ndani ya gari, wakati ule ule, ubavuni.

SHAHIDI ALIYENYAMAZA

Na hapa ndipo tunapofika kwenye donda letu. Matatu zetu hazikosi mashahidi. Mna kumi na wanne ndani! Makanga akimtukana mama mtu mzima, wanasikia. Kijana akimwekea binti mkono asipotaka, wanaona. Mzee akidaiwa nauli mara mbili kwa sababu mvua imenyesha, wanajua. Lakini kila mmoja hutazama nje ya dirisha, kana kwamba bahari ndiyo kwanza aione leo.

Kila gari limebandikwa maneno ya kumtaka abiria auchunge mzigo wake. Ni wosia mwema kwa mikoba, lakini tumeugeuza kuwa dini. Kila mtu na mzigo wake, na mwenzio aliye ubavuni si mzigo wako. Mwaka 2014 nchi iliona mwisho wa mwendo huo, pale wanawake walipovuliwa nguo hadharani, vituoni na ndani ya magari, kwa kisingizio cha mavazi, na watu wamesimama wakitazama, wengine wakipiga picha. Mwezi wa Novemba wanawake waliandamana Nairobi, na kabla ya mwaka kwisha sheria ikaongezwa ya kuadhibu tendo hilo kwa jina lake. Asiwepo miongoni mwetu wa kusema kuwa yule aliyevuliwa hakuwa amejisitiri. Aliye na haki ya kumvua mtu nguo njiani hajazaliwa, na dini iliyotuamrisha sitara haikumpa makanga ufunguo wake.

Serikali imefanya yake. Kanuni za waziri John Michuki, zilizotolewa 2003 na kuanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda ya viti, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano, sare za makanga na idadi maalumu ya abiria. Watu wakastaajabu kuona matatu ambayo hakuna aliyesimama. Na tusisahau kwa nini idadi ni jambo la uhai: hapa hapa petu, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 250 wakafa. Lakini askari hawezi kukaa katika kila gari. Sheria huishia mlangoni. Ndani, hakimu ni abiria.

BASI LA MANDERA

Kuna watu waliotufunza maana ya kuwa wa tatu, nao hawakuwa mbali. Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na wauaji, abiria wakatengwa kwa dini zao, na watu 28 wasiokuwa Waislamu wakauawa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak kwa makusudi yale yale. Wenye bunduki wakataka Waislamu wajitenge. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha wapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na wengine wakafichwa. Wakawaambia wauaji: tuueni sote au mtuache sote. Watu wawili waliuawa siku ile, lakini basi lile halikugeuka kaburi.

Mmoja wa waliosema alikuwa mwalimu, Salah Farah. Alipigwa risasi, akaugua karibu mwezi mzima, akafa Nairobi Januari 2016. Taifa lilimpa nishani baada ya kufa, na kisa cha basi lile kikatengenezewa filamu iitwayo Watu Wote, mwaka 2017, iliyofika mpaka kushindania tuzo ya Oscar. Sisi hatusemi habari ya tuzo. Twasema kuwa watu wale hawakuwa jamaa. Wengi wao hawakujuana hata majina. Kilichowaunganisha ni tikiti za basi moja, na kukaa kwao ubavu kwa ubavu tangu Nairobi. Walipoulizwa nani ni nani, walijibu kama wafasiri wale walivyoifahamu aya: huyu ni sahibu wa ubavuni, ana haki kwangu.

Basi tukiulizwa tena ni kitu gani kimfanyacho mtu akubali kusafiri na mgeni, jibu letu ni hili. Hukubali anapoamini kuwa, jambo likitukia, mmoja kati ya wale asiowajua atafungua mdomo. Imani hiyo ikiwapo, matatu ya shilingi hamsini huwa salama kuliko gari la fahari. Ikiondoka, hata basi lenye viti vya ngozi huwa pango.

TUFANYEJE?

Hatutaki mashujaa wa kila siku. Mandera hutokea mara moja. Lakini Mwembe Tayari ni ya kila jioni, na inayotakiwa huko ni adabu ndogo ndogo, ambazo bado tunazo ila zinafifia.

Bado, alhamdulillahi, ukiingia katika matatu nyingi za Pwani na kutoa salamu, utaitikiwa. Bado nauli hupita mkono kwa mkono, kutoka kiti cha nyuma mpaka kwa makanga, na chenji hurudi kwa mikono hiyo hiyo wala haipungui. Bado mama mwenye mizigo huweza kumkabidhi mtoto wake kwa asiyemjua ampakate hadi atakaposhuka. Hiyo ni hazina kubwa, na wageni wanaotutembelea huiona kabla yetu. Salamu ile si kitu cha kupoteza. Mwenye kutoa salamu amekwisha waambia walio ndani kuwa yupo, nao kwa kumwitikia wamekubali kuwa wamemwona. Hapo ndipo ushahidi unapoanza.

Kwa hivyo twawaomba abiria waitoe salamu na waiitikie kwa sauti. Makanga akimtukana mtu, mmoja na aseme kwa upole, "Kaka, mheshimu mama huyo." Hatajibiwa vizuri, pengine. Lakini akisema mmoja, wa pili husema, na wa tatu akishasema, makanga hunyamaza. Haijapata kuonekana matatu ambayo makanga mmoja amewashinda abiria kumi na wanne waliokubaliana. Wakimteremsha mzee, nao wakatae gari kuondoka. Ukimwona binti wa watu anasumbuliwa, mpishe akae kwako. Hilo halihitaji hata neno.

Twawaomba wenye matatu na vyama vyao watambue kuwa wanauza utulivu kuliko viti. Kijana mwenye ulimi mchafu huwafukuzia wateja wasiopata kurudi, nao hawalalamiki. Hununua pikipiki au gari, wakaondoka kimya. Twawaomba wenye magari yao, wale waendao peke yao kila asubuhi kutoka mtaa mmoja kwenda kazi moja, wakumbuke haki ya kiti kitupu. Jirani yako asubiriye mvuani si mgeni. Mpakie na mkewe, au na mwenziwe, mwe watatu, na safari yenu itakuwa na baraka na heshima.

Na walimu wa vyuo na wa shule, kama walivyotufunza dua ya safari, wawafunze vijana na haki ya msafiri mwenzao. Kuificha shahada ni dhambi katika deni la fedha, na Qurani imelikataza hilo waziwazi. Itakuwaje basi katika heshima ya mtu, ambayo ni ghali kuliko fedha?

Barabara zitapanuliwa, madaraja yatajengwa, na simu zitaleta mambo ambayo hatujayaota. Hayo yote ni mema. Lakini mabega yatabaki yale yale, na viti vitabaki ubavu kwa ubavu. Mwenye kupanda leo ajihesabu kuwa yeye ndiye yule wa tatu, kwa kuwa kuna mtu amepanda gari hilo baada ya kumwona yeye ndani.